Mrejesho: stempu ya senti 10 yenye herufi G.E.A.

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama stempu ya senti 10 ya Afrika Mashariki na Uganda, niliyoinunua hapa Kigoma ikiwa na chapa ya G.E.A. (German East Africa, herufi ambazo Waingereza walichapa juu ya stempu zao kwa ajili ya eneo la Wajerumani walilolitwaa), ni halisi. Chapa ni ya kughushi. Ukiiinamisha kwenye mwanga chini ya lenzi ya mara 10, wino wa "A" umepanda juu ya muhuri wa posta; halisi ingekuwa chini, maana herufi zilichapwa kabla stempu haijauzwa. Tena muhuri unasomeka 1914, na chapa ilianza 1917! Hata muhuri wa Kigoma wa 1918 ungetia shaka: Wabelgiji, si Waingereza, ndio walioushika mji hadi 1921. Msiiloweke kabla ya kuikagua. Wino wa kughushi unaweza kuchujuka, ushahidi ukapotea.