Gumzo la ukoo: Joshua aende chuo gani?

Baba Mkubwa: Habari za jioni wana ukoo. Joshua kapata daraja la kwanza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), tunamshukuru Mungu. Dirisha la maombi ya vyuo linakaribia kufungwa. Msimamo wangu ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye neno aseme leo, mtoto asijaze fomu kwa kubahatisha.

Mama Joshua: Shikamoo shemeji. Mimi naafiki. Chuo cha serikali ada ina nafuu, na karatasi za Bodi ya Mikopo tumeshaanza kuzikusanya.

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Baba mkubwa, naomba niseme kidogo, mimi nimetoka chuo kikubwa cha serikali juzi tu.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Sema.

Neema: Walimu wazuri wapo, hilo silipingi. Tatizo ni wingi wetu. Zile kozi za lazima za mwaka wa kwanza mnaingia mamia ukumbi mmoja. Kipindi ni saa moja asubuhi, ukifika saa moja kasoro viti vimeshawekewa mabegi na madaftari. Wengine wanaandika wakiwa wamesimama nje, dirishani. Kipaza sauti kikizima, waliokaa nyuma wamekosa somo siku hiyo.

Mjomba Elia: Si kuna semina?

Neema: Zipo mjomba, na huko ndiko mtu anaelewa. Ila mkufunzi msaidizi ni mmoja, makundi ni mengi, na yeye mwenyewe bado anasoma. Nimemaliza kozi nzima mwalimu akiwa hanijui hata kwa sura.

Mama Joshua: Mtu mzima atajisimamia. Joshua si mtoto wa kubembelezwa.

Neema: Mama mdogo, nilikaa chumba kimoja na binti mwenye akili kuliko mimi. Akafiwa na baba yake katikati ya semista. Akaenda kuzika, akarudi, ila akawa haendi vipindi. Analala mchana kutwa. Hakuna mwalimu aliyeuliza, kwa sababu kwenye ukumbi wa watu mamia asiyekuwepo haonekani. Sisi wa chumbani tulimbembeleza, tukamchukulia madesa (notsi za masomo), tukamletea chakula, na sisi mitihani inatukabili. Matokeo yalipotoka akadisco, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli. Kwao waliambiwa na yeye mwenyewe, alipofika nyumbani na begi lake.

Shangazi Rehema (Iringa): Jamani. Hakuna mshauri wa wanafunzi huko?

Neema: Ofisi ipo shangazi, na ukienda wanakusikiliza vizuri. Lakini uende mwenyewe. Mtu aliyeshindwa kutoka kitandani atatokaje kwenda ofisini kujieleza? Sekondari ungekosa siku mbili, mwalimu wa darasa angepiga simu nyumbani.

Mama Joshua: Hilo sikuwa nalijua 😔

Neema: Na alama. Kwetu kozi wok, yaani testi na kazi za semista, ni alama 40, mtihani wa mwisho 60. Kuna kozi alama za testi za baadhi yetu hazikuonekana kwenye mfumo. Mhadhiri anakutuma idarani, idarani wanakurudisha kwa mhadhiri. Aliyekuwa na karatasi yake iliyosahihishwa aliwekewa alama. Aliyeitupa akafanya upya, mwenzake ameshaenda field, mafunzo kwa vitendo. Joshua, popote utakapokwenda, kila karatasi ikirudi piga picha siku hiyo hiyo.

Joshua: Sawa dada.

Mjomba Elia: Malazi je? Mlimani si walijengewa mabweni?

Neema: Walijengewa, yakafunguliwa 2017, majengo 20, nafasi 3,840. Yamewasaidia mno. Ila wanafunzi wa pale ni maelfu zaidi ya hao. Chuo chochote kikubwa, anayekosa chumba anapanga mtaani au anabebwa, yaani wawili kitanda kimoja cha mtu mmoja. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, itoke chakula na kodi humo humo.

Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Ila nawakumbusha: chuo kile kilianza 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kitivo cha sheria peke yake, wanafunzi hata 20 hawakufika. Ndiyo, kila mmoja alijulikana. Lakini kingebaki vile, mtoto wa mkulima wa Singida angesoma wapi? Milango ilifunguliwa kwa ajili yetu.

Neema: Kweli baba mkubwa, na mimi nimepita mlango huo huo. Ninachoomba ni kwamba wakifungua milango waongeze na walimu. Nilipoomba ufadhili wa masters walitaka barua za wahadhiri wawili wanaonifahamu. Nilikuwa na mmoja tu, aliyenisimamia utafiti. Wa pili nilimtafuta wiki nzima nikiwa na matokeo yangu mkononi nimthibitishie kuwa nilisoma kwake.

Mjomba Elia: Kama Joshua anataka ualimu, mbona hatuzungumzii Mkwawa ya Iringa? Ni chuo kishiriki cha Mlimani tangu 2005, sawa na DUCE, kile chuo kishiriki cha elimu cha Dar es Salaam. Shahada inatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vile vile.

Baba Mkubwa: Mkwawa naijua ikiwa sekondari.

Neema: Hata huko madarasa ya ualimu yanajaa, tusimdanganye. Lakini chuo chenyewe ni kidogo kuliko Mlimani. Ni rahisi kukutana na mwalimu wako.

Joshua: Mimi Mlimani nilipendea maktaba. Ile mpya ya 2018 inaingia watu 2,100 kwa wakati mmoja.

Neema: Maktaba utaitumia ukija likizo kwangu, tutaulizia utaratibu.

Shangazi Rehema (Iringa): Mimi niko Kihesa, Mkwawa napanda bodaboda tu. Jumapili atakula kwangu. Asipotokea, namfuata.

Mama Joshua: Hapo umenituliza wifi 🙏🏾

Baba Mkubwa: Joshua, wewe unasemaje? Usijibu kwa kutuogopa.

Joshua: Mkwawa iwe ya kwanza, Mlimani ya pili. Ualimu kote kote.

Baba Mkubwa: Haya. Ada ya maombi natuma usiku huu.

Neema: Joshua njoo kesho asubuhi tujaze. Uje na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa.