Kanada na Denmark zinapakana nchi kavu? Naomba msaada kuhusu kisiwa cha Tartupaluk

MwalimuWaRamani (Mbeya):
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia kidato cha tatu. Juzi mwanafunzi mmoja aliniambia kasoma kwenye simu ya kaka yake kwamba Kanada sasa inapakana nchi kavu na Denmark. Nilimwambia nitafuatilia, na nimekuta ni kweli. Kuna kisiwa kinaitwa Hans, wenyeji wanakiita Tartupaluk, ukubwa wake kama kilomita ya mraba 1.3, hakina mti wala mkazi. Kipo mlango-bahari wa Nares, kati ya Greenland, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Denmark, na kisiwa cha Ellesmere cha Kanada. Mwaka 2022 nchi hizo zilikigawana.

Shida yangu ni kwamba kila ninaposoma nakutana na kisa cha chupa: Wakanada wakifika wanaacha wiski, Wadenmark wakifika wanaacha pombe ya kwao. Watoto watakipenda, lakini hakijibu swali. Nchi mbili rafiki zinagombea mwamba karibu miaka 50 kwa nini hasa? Mafuta? Samaki? Heshima ya taifa? Mlioko huko nisaidieni.

Mzaramo_Toronto:
Mwalimu, anza na mwaka 1973. Desemba mwaka huo Kanada na Denmark zilitia saini mkataba wa kugawana sakafu ya bahari. Mpaka ulichorwa kwa nukta 127. Mstari ulipofika nukta ya 122 ulikuta ufukwe wa kusini wa hicho kisiwa, ukakatika. Ukaanza tena nukta ya 123, upande wa kaskazini. Katikati wakaacha wazi ili mkataba usikwame. Mlango-bahari pale una upana wa kama kilomita 35 na kisiwa kiko katikati, maana yake kiko ndani ya maili 12 za baharini kutoka kila pwani. Hakuna aliyekuwa na hoja dhaifu.

Heshima ya taifa ipo pia, usiidharau. Wakanada wengi wanaishi karibu na mpaka wa Marekani na hawajakanyaga Aktiki, kanda ya ncha ya kaskazini ya dunia, maisha yao yote, lakini Kaskazini imo hadi kwenye wimbo wao wa taifa. Isitoshe, serikali ya huku ina wasiwasi na Njia ya Kaskazini-Magharibi, yaani njia ya meli inayopita kati ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada, kwa sababu Marekani haikubali kuwa yale ni maji ya ndani ya Kanada. Ukiachia mwamba mmoja, utaulizwa na mengine. Ndiyo maana Waziri wa Ulinzi Bill Graham alikwenda kisiwani mwenyewe Julai 2005, Denmark ikapeleka malalamiko. Na wao walishatangulia: mwaka 1984 waziri wao wa mambo ya Greenland, Tom Høyem, alishuka pale kwa helikopta, akasimika bendera na kuacha chupa.

BintiPangani (Aalborg):
Mwalimu, ndugu wa Toronto kakueleza vizuri, ila hayo ni ya Ottawa na Copenhagen. Naomba wanafunzi wako wasikie na ya wenye kisiwa.

Nahudumia wazee majumbani mwao hapa Aalborg, mji wenye Wagreenland wengi. Kuna mama mmoja namwendea asubuhi, ni Mwinughuit, watu wa kaskazini kabisa mwa Greenland, eneo la Avanersuaq. Ukutani kwake kuna picha ya baba yake kavaa suruali ya ngozi ya dubu mweupe. Manyoya ya magotini yameisha kabisa. Nilimuuliza sababu, akanionyesha kwa mkono wake mwembamba namna mtu anavyopiga goti kwenye barafu akimvizia sili, mnyama wa baharini, saa nzima bila kutikisika. Tartupaluk anaijua kwa habari za baba yake. Wawindaji walikuwa wanasimamisha mbwa, wanapanda juu ya mwamba kutazama barafu na kutafuta dubu, ndipo wanaamua kama sleji zao za kukokotwa na mbwa zivuke au zirudi. Chupa hakuzitaja hata moja.

Watu hawa hawakuwahi kuishi upande mmoja tu wa ule mlango-bahari. Katikati ya karne ya 19 kiongozi na mganga Qitdlarssuaq alitoka kisiwa cha Baffin na watu wake, wakapita Ellesmere wakafika Avanersuaq. Ndio waliowarudishia Wainughuit kayaki na upinde, ujuzi ambao ulikuwa umeshapotea kwao. Wakaoana, wakawa ndugu. Hata huyo Hans ambaye jina lake limo kwenye ramani alikuwa Mgreenland, Hans Hendrik, kwao Suersaq, mwindaji aliyewaongoza na kuwalisha wapelelezi wa Kimarekani na Kiingereza kuanzia miaka ya 1850.

Kisha zikaja serikali. Mwaka 1922 Kanada ilifungua kituo cha polisi Craig Harbour, kusini mwa Ellesmere, na mwaka 1926 kingine rasi ya Bache, kikiwa na posta ndani yake, mahali ambapo hapakuwa na wa kumwandikia barua. Shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba nchi ina mwenyewe, na kuwazuia Wainughuit wasiwinde ng'ombe-miski, wanyama wakubwa wa manyoya marefu, wa Ellesmere. Na unajua polisi wale waliwezaje kusafiri na kula? Waliajiri Wainughuit kutoka Greenland. Mwindaji aliyeambiwa hapa si kwenu ndiye aliyeendesha mbwa na kumwonyesha polisi njia.

Lakini linaloniuma zaidi ni mwaka 1953, na huu naomba uuandike ubaoni. Mei mwaka ule Denmark iliwahamisha Wainughuit wa Uummannaq kupisha kambi ya jeshi la Marekani ya Thule. Familia 27, wakiwa na siku chache tu za kufunga mizigo, wakapelekwa zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Mama huyu ninayemhudumia alikuwa mtoto, kwenye sleji, amefunikwa ngozi. Anakumbuka mahema, na baridi ya miguu. Nyumba za Qaanaaq, makazi mapya walikopelekwa, zilikuwa hazijajengwa. Tarehe 5 Juni, majuma machache baadaye, katiba mpya ya Denmark ikatangaza kwamba Greenland si koloni tena, ni sehemu ya ufalme.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa maji, Kanada ilipakia Wainuit, wenyeji wa Aktiki walio ndugu wa Wainughuit, wa Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, kwenye meli, ikawashusha Resolute na Ellesmere, mwendo wa kilomita 2,000 hivi kutoka kwao. Waliahidiwa kurudishwa baada ya miaka miwili wakitaka. Hawakurudishwa. Walikuta miezi ya giza ambayo hawakuwahi kuiona, na wanyama wasiowazoea. Wenyewe mpaka leo wanasema walifanywa milingoti ya bendera, yaani waliwekwa pale ili kuonyesha kwamba nchi ni ya Kanada. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2010. Denmark iliwaomba radhi watu wa Thule mwaka 1999.

Sasa nikisoma habari za wiski kisiwani, nikijua kwamba nchi hizohizo zilisimika watu mahali pa bendera na kung'oa wengine, nashindwa kabisa kuifurahia. Mwaka 2005 wanajeshi wa Kanada walipopandisha bendera pale walijenga na inuksuk, nguzo ya mawe ambayo Wainuit huitumia kuonyeshana njia. Yaani hata alama ya umiliki ilibidi waiazime kwa wenyeji.

Mzaramo_Toronto:
Dada, hayo ya Inukjuak nayajua kijuujuu tu, hayasemwi sana huku, ahsante. Ila nitetee jambo moja. Mkataba wa Juni 2022 ulitiwa saini Urusi imeingia Ukraine kwa vifaru, na hawa wakaonyesha kwamba mpaka unaweza kumalizwa mezani. Si kitu kidogo. Je, kwa wawindaji umebadilisha chochote?

BintiPangani (Aalborg):
Si kidogo, kaka, nakubaliana nawe, na nilifurahi. Tarehe 14 Juni, Ottawa, pamoja na Mélanie Joly wa Kanada na Jeppe Kofod wa Denmark alikuwepo Múte Egede, waziri mkuu wa Greenland. Mwaka 1973 hakukuwa hata na serikali ya Greenland ya kualikwa. Ya kwanza ilikuja 1979. Tangu sheria ya kujitawala ya 2009 Wagreenland wanatambuliwa kuwa taifa lenye haki ya kujiamulia. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko mstari wenyewe. Na nchi zote mbili zimeahidi kwamba Wainuit wa Avanersuaq na wa Nunavut, jimbo la kaskazini la Kanada, wataendelea kukifikia kisiwa kwa ajili ya kuwinda na mila zao.

Nilimsomea mama habari ile kwa Kidenmark. Akauliza, "Na barafu je?" Siku hizi haigandi kama ya enzi za baba yake, na sleji haipiti juu ya ahadi.

MwalimuWaRamani (Mbeya):
Nimepata somo la vipindi viwili badala ya jibu la mstari mmoja. Mungu awabariki. La mwisho: nikichora ubaoni, mpaka unapita wapi?

BintiPangani (Aalborg):
Unakata kisiwa kutoka kaskazini kwenda kusini, kufuata ufa wa asili kwenye mwamba. Magharibi ni Nunavut, Kanada. Mashariki ni Greenland, na andika Greenland, Mwalimu, kabla ya kuandika Denmark. Jina la kisiwa weka Tartupaluk. Halafu chora mishale ya Qitdlarssuaq: Baffin, Ellesmere, Avanersuaq. Waonyeshe na kituo cha Craig Harbour.