Nyumba ya Nkuhungu

Kikundi: WANA WA CHILONWA

JUMAMOSI

Neema: Mbukwenyi nyote. Nimetoka kuangalia nyumba Nkuhungu. Picha zinakuja, mtandao unasuasua.

Neema: (picha 6)

Neema: Vyumba vitatu, kimoja masta. Sebule, jiko, stoo, choo cha wageni. Uzio umekamilika, maji ya DUWASA yapo ndani, umeme upo. Dalali anasema milioni 78 na hiyo ndiyo ya mwisho, haipungui hata senti.

Mama: Mungu ni mwema. Mbona jiko dogo hivyo

Elia: 78?? Nkuhungu?? Hiyo bei ya Area D dada.

Neema: Anasema viwanja vimepanda tangu serikali ihamie Dodoma.

Mjomba Yona: Serikali ilianza kuhamia 2016. Madalali bado wanaitangaza kama habari ya jana jioni.

Neema: 😂 Shikamoo mjomba

Mjomba Yona: Marahaba mama. Umelipa hela ya kuonyeshwa?

Neema: Elfu 20. Na nauli ya bajaji juu yangu.

Mjomba Yona: Haya, imeshaenda hiyo. Anasemaje kingine?

Neema: Kuna mteja wa Dar anakuja Jumatatu na SGR, hela anayo mkononi. Kwa hiyo kama nipo tayari nitoe kishika uchumba leo, milioni 5, aizuie nyumba.

Baraka: Huyo mteja wa Dar mimi namjua. Kila nyumba ya mji huu anaitaka yeye. Enzi za mabasi alikuwa anafikia Nanenane, sasa hivi amepandishwa treni

Elia: Lakini tuseme ukweli, akiwepo kweli je? Mimi hela yangu ya hisa ipo, naweza kutuma sasa hivi tukaizuia. Nyumba ya Ilazo tuliikosa hivihivi kwa kujadiliana.

Mjomba Yona: Elia, usitume hata shilingi.

Shangazi Tabu: Wapendwa nawakumbusha mchango wa kipaimara cha mtoto wa Esta, mwisho tarehe 20. Walioahidi na hawajatoa wanajijua.

Shangazi Tabu: Nyumba nzuri Neema. Geti la bluu linapendeza

Baraka: Subiri. Neema, hiyo nyumba mbele ina mwarobaini na pembeni kuna mashine ya kusaga?

Neema: Ehee. Umeijuaje?

Baraka: Juzi nilimbeba mama mmoja na dalali mwingine kabisa, tukaenda hapohapo. Nilikaa nje nawasubiri. Wakati wa kurudi niliwasikia wanaitaja kwa 70.

Elia: Yaani kumbe ndani ya wiki moja nyumba imepanda milioni 8 bila hata kupigwa rangi

Neema: Huyu mtu aliniapia jamani. Akamtaja na mama yake.

Mjomba Yona: Wala hajakudanganya sana. Ngoja niandike vizuri, vidole vyangu vizito.

Mjomba Yona: Mwenye nyumba humwambia dalali wa kwanza: mimi nataka kiasi fulani mkononi, cha juu ni chako. Yule wa kwanza hana mteja, anampa mwenzake. Mwenzake naye anampa wa tatu. Kila mmoja anapanda na chake. Wewe umekutana na wa tatu, yule mama aliyebebwa na Baraka alikutana na wa pili. Kwa hiyo 78 si bei ya nyumba, ni bei ya nyumba pamoja na watu watatu walioketi juu ya bati. Ukimwambia dalali apunguze, unamwomba apunguze mfuko wake mwenyewe. Ndiyo maana anaapa.

Elia: Basi dawa ni rahisi. Baraka aulize majirani, apate namba ya mwenye nyumba, tumalizane naye. Dalali wa nini.

Mama: Elia hapana. Huyo kijana ametembea na dada yako juani kutwa nzima. Hatuli jasho la mtu katika familia hii.

Elia: Mama huyo "kijana" alitaka kutupiga milioni 8 na zaidi

Mama: Alitaka. Bado hajapata. Sisi tusifanye lake.

Baraka: Na mimi naongeza, Nkuhungu kumruka dalali ni kujitafutia maneno. Wanajuana wote, kijiwe chao kimoja. Ukimruka, kesho mwenye nyumba anapigiwa simu kwamba hao wanunuzi ni matapeli, hela yao ya kuungaunga. Nimeona nyumba zikifa hivyo.

Neema: Sasa mimi nifanyeje? Kesho nina zamu ya usiku, hospitali hawanielewi na mambo ya nyumba.

Mjomba Yona: Mpigie leo jioni. Usimfokee, wala usimwambie umesikia wapi. Sema hivi: kaka, nyumba hiyo naijua ipo sokoni kwa 70 kwa mwenzako. Mimi nakutaka wewe, simtaki yule. Lakini tubadilishe mpango.

Mjomba Yona: Mpango wenyewe: cha juu hakuna. Sisi tutamlipa milioni moja na nusu nyumba ikishapatikana, na kila milioni itakayoshuka chini ya 70, tunamwongezea laki mbili. Bei izungumzwe mbele ya mwenye nyumba. Akikubali aandike na kusaini, hata kwenye karatasi ya daftari.

Elia: Mjomba kwa nini tumpe hela kwa kushusha?

Mjomba Yona: Kwa sababu sasa hivi bei ikipanda anashiba, ikishuka analala njaa. Halafu tunashangaa anampigania muuzaji. Tukigeuza sahani, atatupigania sisi. Ni yeye anayejua mwenye nyumba anauza kwa shida gani na ana haraka kiasi gani. Hayo hutayaona kwenye picha.

Mama: Kaka umenena.

Shangazi Tabu: Elia baba yangu, na wewe upo kwenye ile orodha ya walioahidi.

Elia: 🙈 Leo leo shangazi

JUMAPILI

Neema: Amekubali!! Kwanza alinuna, akasema mimi mteja mgumu. Baada ya nusu saa akapiga mwenyewe. Ameomba iwe milioni 2 badala ya moja na nusu, nikakataa, akacheka. Tunaonana na mwenye nyumba Jumanne saa 10 jioni.

Mjomba Yona: Vizuri. Sasa dalali aombe kivuli cha hati kabla ya Jumanne. Hati, si "karatasi zipo". Nataka kuona mwaka na miaka mingapi.

Neema: Ameshanitumia. (picha)

Mjomba Yona: Mnaona hapo? Ni hati ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, imetolewa 1999, miaka 33. Hesabuni wenyewe, inaishia 2032.

Elia: Ikiisha wanachukua nyumba?

Mjomba Yona: Hapana, usiwatie watu hofu. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda manispaa ambayo sasa ni Jiji, na hati zinazotolewa tangu hapo ni za miaka 99. Utaratibu upo. Lakini kubadilisha kuna gharama na mizunguko ya ofisi, na mizunguko hiyo inamwangukia atakayekuwa na nyumba. Kwa hiyo hilo ni jambo la mezani. Usilipigie kelele, litaje tu.

Mjomba Yona: La pili, pango la ardhi, ile kodi ya kiwanja ya kila mwaka. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, mtu hawezi kuikimbia. Pango la ardhi ndilo watu hulisahau mpaka siku ya kuuza. Muulize risiti ya mwisho ni ya mwaka gani.

Baraka: Na mimi nimepita pale asubuhi. Ukuta wa nyuma, upande wa choo, kuna mstari wa maji. Umefika magotini. Wamepaka chokaa lakini ukiinama unauona.

Mama: Yesu wangu. Mafuriko?

Baraka: Mvua zile kubwa za Januari, maji ya mtaa wa juu yanashuka upande ule. Jirani kasema yanaingia uani, ndani hayajawahi. Mtaro wao umezibwa na vifusi.

Neema: Mimi nimeikagua yote na sikuona kitu

Baraka: Utaonaje dada, mwezi wa nane huu ni vumbi na upepo tu. Dalali wa Dodoma nyumba anauza kiangazi, masika anapumzika

Mama: Mimi hiyo nyumba siitaki tena.

Elia: Mama, uani tu. Mtaro unazibuliwa.

Mama: Wewe unakaa Dar, umeshazoea kuogelea.

Mjomba Yona: Dada, tulia. Maji yakiwa yanaingia ndani tunaondoka. Kama ni uani, ni kazi ya fundi, na fundi ana bei yake, na bei yake tunaitoa kwenye ile 70. Baraka nenda na fundi Jumatatu aangalie msingi.

JUMANNE

Neema: Tumetoka sasa hivi.

Mama: Eleza mwanangu

Neema: Mzee ni mwalimu mstaafu, mpole sana. Mke wake alikuwepo, nikashukuru maana mjomba ulinisisitizia.

Mjomba Yona: Lazima awepo. Nyumba ya ndoa mwenza asiporidhia, biashara hiyo ni ya kwenda mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuacha nafasi hapo.

Neema: Sasa kichekesho. Nikasema nimeambiwa 78. Mzee akavua miwani akamtazama dalali. "Sabini na nane? Mimi nilisema sitini na sita." Dalali akaanza kuangalia simu.

Baraka: 😂😂😂 ningelipa kiingilio

Elia: 12 juu!!!

Neema: Nikasema mzee tusigombane, tuanzie kwako. Basi hapo dalali ndiye aliyenishangaza. Yeye mwenyewe akaanza: mzee hati yako hii ya miaka 33, mzee ule ukuta wa nyuma, mzee pango la ardhi hujalipa miaka minne. Minne! Hata mimi nilikuwa sijui. Nikanyamaza nikanywa chai.

Mjomba Yona: Laki mbili hizo zinaongea.

Neema: Mama wa pale ndiye mgumu. Anasema wanahamia Iringa kwa watoto, hawana shida ya hela. Tukazunguka hapo mpaka Magharibi. Mwisho 63. Pango la ardhi lote la nyuma wanalipa wao. Kodi ya TRA ya mauzo wanalipa wao pia, ingawa walijaribu kusema dalali aliwaambia gharama zote za kuhamisha ni za mnunuzi.

Mjomba Yona: Kodi hiyo ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji, wala si hisani. Na isipolipwa uhamisho wa milki hausogei. Ushuru wa stempu, asilimia moja, huo ni wetu. Nimeuweka kwenye hesabu.

Elia: Kwa hiyo dalali anapata ngapi?

Neema: 1.5, na saba mara laki mbili ni 1.4. Jumla 2.9.

Elia: Milioni karibu tatu kwa mtu aliyetaka kutuuzia kwa 78

Mjomba Yona: Ndiyo, na uko chini ya 78 kwa milioni 15. Ungependa arudi upande ule mwingine?

Elia: 🤐

Shangazi Tabu: Nimepokea ya Elia, elfu 50. Mungu akuzidishie baba.

Neema: Dalali anauliza tena kishika uchumba. Safari hii mzee naye anataka, hata milioni 3.

Mjomba Yona: Jibu ni lilelile. Kwanza upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati, tuone kama kuna rehani ya benki au zuio. Hela itapita benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye hati, mkataba ukiwa umesainiwa kwa wakili. Si kwa simu, si kwa dalali, si mkononi.

Baraka: Mwenyekiti wa mtaa je? Huwa wanataka watu wasaini kwake

Mjomba Yona: Nendeni mkamsalimie, awajue, aseme kama kuna ugomvi wa mpaka. Hayo anayajua kuliko ofisi yoyote. Lakini nyumba yenye hati haihamishwi kwa muhuri wa mtaa.

IJUMAA

Neema: Upekuzi umetoka. Hakuna rehani, hakuna zuio. Ila jina la kati la mzee kwenye hati ni tofauti na la NIDA. Kwenye hati ni la babu yake, NIDA ni la baba.

Mama: Ni mwizi?

Mjomba Yona: Hapana dada, wazee wengi wako hivyo. Anakwenda kwa wakili anakula kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, halafu wakili anaangalia kama msajili atahitaji kingine. Gharama yake mzee, si yetu. Na mkataba unasubiri.

Elia: Fundi alisemaje?

Baraka: Msingi mzima. Mtaro na kunyanyua ukingo wa nyuma ni kama 1.8 na saruji. Kasema tufanye kabla ya Desemba.

Elia: Sawa, hiyo niachieni mimi.

Mama: Na jiko litapanuliwa lini? Pale hata sufuria ya ugali wa watu watano haigeuki.

Neema: Mama tuhamie kwanza 😅

Mjomba Yona: Neema, mzee ameshaambiwa habari ya kiapo?

Neema: Nilimwambia dalali saa 4. Saa 5 akanipigia, kampakia mzee kwenye bajaji, wako njiani kwa wakili.