Soko la mbuzi la Nizwa JUMAPILI? Halafu mtu akiuliza anaambiwa akale urojo!

Jahazi_la_Mtoni (mwanzisha uzi)

Jamani nina hasira, hapa naandika vidole vinatetemeka. Huyo bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa maratiba. Leo asubuhi kaleta kwenye kundi ratiba ya safari ya Oman, "Nizwa kwa bei ya maskini", siku nne, dola 900, tiketi ya ndege mbali, viza mbali. Siku ya pili kaandika kwa herufi kubwa kama mlango wa Ngome Kongwe: JUMAPILI SAA 4 ASUBUHI, SOKO LA MBUZI.

Jumapili!

Dada mmoja kamuuliza kwa adabu zote, "Sheikh, soko la mbuzi si Ijumaa?" Na jawabu alilompa, mbele ya kundi zima, ni hili: "Wewe kale urojo wako, mambo ya Uarabuni tuachie wenyewe."

Kale urojo wako, yaani mchuzi wetu wa Unguja! Mtu kauliza siku ya soko, kajibiwa urojo!

Haya, sikilizeni. Soko la mbuzi la Nizwa ni Ijumaa asubuhi, na hilo analijua hata mtoto wa madrasa. Linaanza kuchangamka saa 12 na nusu, saa 1 limejaa, saa 3 watu wanatawanyika. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwenye duara huku wakinadi, wanunuzi wamekaa pembeni na wengine katikati, akimtaka mmoja anamsimamisha muuzaji, anamfunua mbuzi meno, anamshika kiwele, bei inapanda palepale. Ni Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko na ya sala, watu wa vijijini wanashuka mjini. Jumapili Oman ni siku ya kazi! Wikiendi yao tangu 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Ukifika pale Jumapili saa 4 utakuta sakafu imefagiliwa na paka mmoja amelala kivulini. Dola 900 kumwangalia paka.

Na ukiuliza, kale urojo.

Karafuu_Mbichi

Ndugu yangu una haki ya kukasirika, maana kosa la siku moja linavunja ratiba nzima. Atakayetaka mnada lazima usiku wa kuamkia Ijumaa alale Nizwa. Kutoka Muscat ni kama kilomita 160, basi la Mwasalat unalipanda Ruwi au Burj al Sahwa karibu na uwanja wa ndege, nauli kiasi cha riyali 2, mwendo wa saa mbili na kitu. Basi la Ijumaa asubuhi halikufikishi kwa wakati, mbuzi washauzwa. Na Alkhamisi jioni ndiyo wikiendi yao inapoanza, watu wote wanarudi kwao, kwa hiyo kata tiketi mapema, usiende kusimama tu kituoni.

Mkunazini_Ndani

Mwanzisha uzi, hasira hizi ni za mbuzi au za urojo? Maana mstari mmoja mbuzi, mistari mitatu urojo. 😂

Jahazi_la_Mtoni

Ni za vyote viwili! Mbuzi ni kosa, urojo ni dharau. Kukosea kila mtu anakosea, lakini mtu kakutanabahisha kwa heshima, wewe unamwambia kale urojo? Sisi wa Unguja na Pemba ndio tuambiwe Nizwa haituhusu? Ngome ya Nizwa kaijenga Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwanawe Saif ndiye aliyeichukua Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Historia yetu na yao imefungwa kamba moja, halafu mtu wa ratiba za kubandika anakwambia tuachie wenyewe. Wenyewe nani?

Mwana_wa_Konde

Mie naona mmeshikilia Jumapili tu, someni siku ya tatu. Kaandika "Jabal Akhdar kwa gari ndogo ya kukodi". Hapo ndipo watu watakapolia. Ukipita Birkat al Mouz, mji wa chini ya mlima huo, kuna kizuizi cha polisi, gari isiyovutwa na magurudumu yote manne hairuhusiwi kupanda, inageuzwa. Hawafanyi ubishi. Mteremko wa kurudi ni mkali, anayekanyaga breki njia nzima breki zinaungua, ndiyo maana unashuka kwa gia ya chini na kuna njia za dharura za kuchepukia gari ikishindwa kusimama. Ukiwa na gari ndogo iache chini, pale Birkat al Mouz pana madereva wa gari za mlima, mnapatana watu wanne gari moja. Na chukueni sweta. Juu ni mita 2,000, usiku wa Januari si wa kanzu tupu.

Ukuta_wa_Chokaa

Samahanini, lakini kichwa cha ratiba yake kinasema "Nizwa, mji wa jangwani, matuta ya mchanga mlangoni". Nizwa haina matuta mlangoni. Ni mji wa mitende chini ya milima ya Hajar, unaishi kwa maji ya falaj, ile mifereji ya kale. Falaj Daris imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006 pamoja na nyengine nne. Mchanga unaoonekana kwenye picha zake upo Sharqiya, njia ya Bidiya, mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Na huko huingii hivihivi: matairi yanapunguzwa upepo kutoka psi 35 mpaka karibu 18, na uwe na pampu ya kuyajaza ukirudi kwenye lami, la sivyo unayakata pembeni. Mgeni asiende peke yake na gari moja.

Shamba_la_Mtambwe

Jangwa si mchanga tu, sheikh. Pahala pakavu pasipo na mvua ya kutegemewa ni jangwa, hata kama ni mawe matupu. Nizwa ipo jangwani vizuri sana.

Ukuta_wa_Chokaa

Sawa, lakini aliyelipia matuta apewe matuta.

Bibi_Hesabu

Acheni jangwa, tupige hesabu ya hizo dola 900. Riyali moja ni dola 2.60, haipandi wala haishuki. Kwa mtu mmoja, wakilala wawili chumba kimoja:

Basi kwenda na kurudi riyali 4. Chumba cha riyali 25 usiku mitatu, 75, nusu yako 37 na nusu. Chakula riyali 5 kwa siku, siku nne, 20. Kuingia ngomeni 5. Teksi ya nusu siku kwenda ngome za Bahla na Jabrin, 15 kwa gari, nusu yako 7 na nusu. Vijiteksi vya mjini 6. Jumla riyali 80, yaani dola 208. Hata ukiongeza riyali 20 za dharura hufiki 300. Hizo 600 nyengine anazipeleka wapi?

Ila panapowaumiza watu ni chumba. Hoteli zinazoonekana rahisi nyingi zipo Firq, njia kuu, kilomita kadhaa kutoka sokoni. Alfajiri ya mnada unahitaji teksi, usiku teksi, ule urahisi umeshaliwa. Nyumba za udongo zilizokarabatiwa katika mtaa wa Aqr zina bei zaidi kidogo lakini unatoka mlangoni kwa miguu, soko hilo, ngome hiyo. Teksi isiyo na mita patana kabla ya kufungua mlango. Chakula cha kweli kipo kwenye vihoteli vya wafanyakazi, wali na kuku kwa riyali moja na kitu, chai ya karaki baisa 100 au 200 (baisa 1,000 ni riyali moja).

Jahazi_la_Mtoni

Dola 208! Mnaona? Na aliyeuliza aliambiwa urojo! Bakuli la urojo lina hesabu safi kuliko ratiba yake.

Karafuu_Mbichi

Niongeze kuhusu ngome ya Nizwa, kwa atakayekuwa huko siku ya mnada. Ijumaa adhuhuri wanafunga kwa ajili ya sala. Ama uingie baada ya mnada, saa 3 hivi, ama baada ya sala. Ukipanda ngazi za mnara angalia juu ya kila mlango: kuna tundu, walikuwa wakimwaga asali ya tende inayochemka juu ya adui. Mbele ya milango kuna mashimo, mbao zikiondolewa anayekuja mbio anatumbukia. Na kuna ghala la tende lenye sakafu ya mifereji, magunia yalipangwa juu yake na asali ikichuruzika yenyewe chini. Hivyo vitu ukipita haraka huvioni, weka saa mbili nzima.

Mkunazini_Ndani

Bahla msiipite pia. Ipo UNESCO tangu 1987, ya mwanzo Oman, na ukuta wake unauzunguka mji kilomita 12. Anayeiona kwa nusu saa kaona geti.

Shamba_la_Mtambwe

Mbona hakuna aliyesema ratiba yenyewe ni ya Julai? Eti "wakati wa likizo za skuli". Julai Nizwa inapita digrii 40 mchana! Mji unalala toka adhuhuri mpaka alasiri, watu wanatoka magharibi. Novemba mpaka Februari ndio msimu. Na wa Julai lazima atembee alfajiri mpaka saa 3, ajifungie, atoke tena saa 11 jioni. Maji lita tatu au nne kwa mtu.

Mwana_wa_Konde

Na sisi wa Pemba nani anatupangia? Kila ratiba inaanza "siku ya kwanza, uwanja wa ndege Unguja", kama vile sote tumelala Kisauni. Ndege ya alfajiri ina maana uvuke na boti siku moja kabla, ulale mjini, na bahari ikichafuka boti haiji, tiketi yako ya ndege ndiyo imekwenda. Anayetoka Pemba aweke siku mbili kabla, si moja. Hilo halimo hata kwenye ratiba moja, ya kwake wala ya wengine!

Bibi_Hesabu

Kweli kabisa, na gharama ya kulala Unguja iingie kwenye hesabu. Na paspoti ibaki na miezi 6, kitabu cha njano cha chanjo kiwe mkononi, viza iombwe mtandaoni kwenye mfumo wa polisi wa Oman kabla ya kulipia ndege. Watu wanakata ndege kwanza halafu wanakimbizana na viza.

Ukuta_wa_Chokaa

Swali. Halua ya Nizwa inaingia kwenye begi la mkononi?

Shamba_la_Mtambwe

Usijaribu. Uwanjani wanaihesabu kama kitu cha majimaji, ikizidi mililita 100 inabaki mezani kwao. Weka kwenye begi la chini, kopo lifungwe na mfuko wa plastiki mara mbili, samli ikipata joto inavuja na nguo zote zinanuka hiliki.

Mkunazini_Ndani

Unakwenda Nizwa kununua halua na Wete ya Pemba ipo?

Mwana_wa_Konde

Allah akuweke! Halua ya Wete haishindwi na mtu.

Karafuu_Mbichi

Msianze. Ya Nizwa ina zafarani na maji ya waridi, waridi zenyewe za Jabal Akhdar, zinachumwa mwezi wa Aprili.

Mwana_wa_Konde

Zafarani ni rangi. Halua ni kukoroga. Ukiacha mwiko hata kidogo wanga unashika chini ya sufuria, ladha imekwisha, umwagie zafarani kilo nzima.

Jahazi_la_Mtoni

Jamani, uzi ni wa Jumapili na urojo…

Bibi_Hesabu

Mwana wa Konde, sufuria ya shaba au ya aluminiamu?

Mwana_wa_Konde

Shaba. Na kuni, si gesi.