Machweo ya Mto Pangani kwa rangi za mafuta: mbona maji yangu yanageuka tope?

MchoraMito:
Ndugu wachoraji, salaam. Kwa miaka sita nimechora kwa mtindo wa Tingatinga, yaani kwa rangi ya kopo, ambayo kila eneo hupewa rangi yake na kuachwa likauke kabla ya kuguswa jingine. Sasa nimenunua rangi za mafuta za tyubu, na nia yangu ni kuchora Mto Pangani jioni, nikiwa karibu na kivuko na kutazama upande wa bara, jua likizama nyuma ya minazi. Anga hunitokea vizuri mwanzoni, kisha rangi ya machungwa ikikutana na bluu kila kitu huwa kijivu, na maji hayang'ai hata nikiongeza nyeupe. Ninakosea wapi?

FundiTurubai:
Ndugu yangu, mkono wako umezoea rangi inayokauka upesi. Rangi ya tyubu iliyosagwa kwa mafuta ya kitani hukaa mbichi kwa siku kadhaa, kwa sababu mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, si kwa kuvukizwa, na kwa hiyo kila unaporudisha brashi angani unachanganya upya kile ulichokwisha kukipaka. Bluu na rangi ya machungwa zikichanganywa huuana. Tengeneza kwanza kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) rangi ya kati, waridi iliyopauka au zambarau nyepesi, uiweke baina yao, tumia brashi moja kwa rangi za joto na nyingine kwa rangi za baridi, kisha uache.

Nyeupe nayo hupooza joto la rangi, ndiyo maana nyekundu huishia kuwa waridi. Itazame picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ya bandari ya Le Havre ya mwaka 1872: ukiigeuza iwe nyeusi na nyeupe, lile jua la machungwa karibu linapotea, kwa kuwa mwangaza wake unalingana na wa anga. Linawaka kwa sababu limezungukwa na kijivu cha bluu, kwa hiyo hicho kijivu unachokilalamikia ni mali, mradi ukiweke mahali pake.

MwanaMikoko:
Naomba niongezee kuhusu maji, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kivuli cha mnazi majini, yaani sura yake inayoakisiwa, hushuka wima chini ya mnazi wenyewe, nacho huwa chepesi kidogo kuliko mnazi, ilhali anga linalong'aa huonekana limefifia kidogo majini. Karibu na miguu yako maji hayaakisi sana, kwa hiyo utaona zaidi rangi ya udongo wa mto. Huko mbali ndiko anga hutawala. Vuta brashi kutoka juu kwenda chini, kisha pitisha brashi kavu kwa ulalo mara mbili au tatu tu.

Jua la kwetu halisubiri. Chora kwanza ubao mdogo palepale mtoni, ukiandika mahali penye giza na penye mwanga, na turubai kubwa uimalize nyumbani. Tabaka la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini, na yanayofuata yazidishiwe mafuta, la sivyo rangi itapasuka baadaye. Tafadhali pia usirundike vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, kwani vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

MchoraMito:
Nashukuru sana, walimu wangu. Je, ninaweza kutumia rangi ya kopo kama tabaka la chini, kwa kuwa ninazo nyingi?

FundiTurubai:
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Rangi ya kopo huacha uso laini unaoteleza, na rangi ya tyubu haiushiki vyema. Paka jeso, yaani rangi nyeupe ya kutayarishia turubai, tabaka mbili, uache ikauke kabisa, kisha uitie rangi nyembamba ya udongo mwekundu, ambayo itachungulia katikati ya mawingu na kukupa joto la jioni tangu mwanzo.