Nimepasua mawe ya chokaa Tororo wiki mbili natafuta mdudu wa bahari, sipati. Nani anajua?

turniboi_malaba
Salaam wakubwa. Mimi napakia mawe huku Tororo, mashariki mwa Uganda, mawe ya chokaa yanaenda kiwandani kusagwa simenti, mwaka wa sita sasa. Binti yangu yuko S2, mwaka wa pili sekondari, juzi karudi na daftari anasema ticha kawaambia mawe ya chokaa ni magamba ya viumbe wa baharini wa zamani yaliyorundikana chini ya maji mpaka yakawa jiwe, halafu kawachorea mdudu anaitwa trilobiti, ukimwangalia ni kama jongoo aliyekanyagwa na boda. Kaniambia baba we uko kwenye mawe kila siku niletee mmoja. Sasa mimi kila tukipumzika napasua jiwe namulika na simu, wenzangu wananicheka, na sioni hata ukucha. Naona vitu vinametameta tu na vipande vyeusi vizito kama chuma, vile vyeusi nikivisogezea sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu vinanata. Kwa hiyo maswali ni mawili: hapa kulikuwa bahari ama hapana? Na la pili la binti, wanasoma enzi mbili za zamani, Kambriani na Ordovisiani, na ticha anasema mwishoni hao viumbe wa bahari karibu wote walikufa kabla hata dainosaria hawajatokea, na wakati huo hakuna mtu wala nyavu wala kiwanda. Nani aliwaua?

jiwe_si_mkate
Ssebo acha kupasua, utamaliza nyundo bure 😂 Ticha hajakosea kwa dunia nzima, kakosea kwa Tororo. Chokaa nyingi duniani kweli ni magamba ya baharini, lakini ule mlima wenu ni tumbo la volkano ya zamani. Kuna rojo la moto la ajabu linatoka chini likiwa limejaa chokaa badala ya mawe ya kawaida, likipoa linaitwa karbonatiti, na Tororo na vilima vya Sukulu hapo jirani vyote ni hivyo. Hivyo vipande vyeusi vinavyonata sumaku ni magnetaiti, madini ya chuma, ni ushahidi wako huo tayari uko mkononi. Trilobiti angeingia mle angeungua, na isitoshe volkano yenyewe ni ya juzi, trilobiti wa mwisho walikwisha miaka milioni 252 iliyopita.

Na bahari hapakuwa. Enzi wanayosoma, Kambriani na Ordovisiani, kuanzia kama miaka milioni 540 mpaka 444 iliyopita, Afrika ilikuwa imeshikana na Amerika Kusini, Bara Hindi, Australia na Antaktika, bara moja linaitwa Gondwana, na sisi tulikuwa ndani katikati mbali na pwani. Nchi kavu tupu, majani yenyewe hakuna labda vikuvu kidogo vya kijani kwenye unyevunyevu. Karibu maisha yote yalikuwa majini.

nyabo_wa_busia
Kama unataka trilobiti kweli wanatoka Moroko, wanauzwa mpaka mtandaoni. Ila angalia, wengine wanatengenezwa kwa gundi na unga wa mawe, mwanangu alinunuliwa mmoja na mjomba wake, tukamwosha huyo trilobiti akayeyuka mguu.

mvuvi_wa_masese
Mimi sijasoma haya mambo lakini swali la pili naliweza, maana nimeliona kwa macho. Mwanzoni mwa 2021 tuliamka ziwani huku Masese tukakuta mbuta (sangara) wakubwa wakubwa wanaelea matumbo juu, wengine kilo thelathini huko, na watu wakaanza kusema sumu. Haikuwa sumu. Wakubwa walisema upepo ulikoroga ziwa, maji ya chini ambayo hayana pumzi yakapanda juu, na mbuta anataka oksijeni nyingi kuliko samaki wengine, akaishiwa. Lakini mamba, huyu samaki mamba sio yule wa meno, hana shida yeye anatoka juu anavuta hewa kama mtu. Kwa hiyo mimi nasema hao wa zamani walikosa pumzi basi.

jiwe_si_mkate
@mvuvi_wa_masese umepatia nusu tena nusu ya pili. Vifo vya mwisho wa Ordovisiani, kama miaka milioni 445 iliyopita, vilikuja kwa mapigo mawili.

Kwanza baridi. Ncha ya kusini ya dunia wakati huo ilikuwa Afrika Kaskazini, barafu ikajaa hapo na maji yote ya barafu hiyo yanatoka baharini, wapi tena? Bahari ikashuka makumi ya mita. Sasa elewa hivi: viumbe wengi wa wakati ule walikuwa wanakaa kwenye bahari fupi zilizofunika mabara, maji ya joto ya kutembea kwa miguu, sio kilindini. Ni kama ziwa letu likauke mpaka lile la katikati tu libaki, samaki wote wa vichaka na ghuba wataenda wapi? Na Nalubaale lenyewe, yaani Ziwa Victoria, lilikauka kabisa zamani, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo hili sio hadithi. Trilobiti ambao watoto wao walikuwa wanaelea juu ya maji ndio walikufa zaidi.

Pili barafu ikayeyuka, bahari ikapanda tena, na sehemu kubwa ya maji ikakosa oksijeni, hapo ndipo mbuta wako anaingia. Waliozoea baridi na kunusurika pigo la kwanza wakakutwa na hili. Kwa ujumla wanahesabu karibu aina 85 kati ya kila 100 za viumbe wa bahari zilipotea, ni vifo vikubwa vya pili kwa ukubwa kwa wanyama vinavyojulikana. Ila kumbuka hayo yote ni mamia ya maelfu ya miaka, sio asubuhi moja kama Masese.

turniboi_malaba
Ngoja mzee. Barafu Afrika Kaskazini? Pale Sahara?? Binti hataamini na mimi siamini pia.

mpagazi_kasese
Amini kaka. Mimi nabebea wageni mizigo Rwenzori, juu kule barafu imekimbia sana lakini ilipopita imeacha alama, mwamba umesuguliwa laini kama meza halafu una mikwaruzo mirefu yote inaelekea upande mmoja, ni mawe madogo yaliyokuwa yamenaswa chini ya barafu yakiburutwa. Unaweza kuingiza kidole kwenye mfereji wake. Mgeni mmoja wa mawe alikaa pale nusu saa mvua inatunyeshea anapapasa tu, akatuambia mikwaruzo ya aina hii hii iko Sahara ya Algeria, kwenye mawe ya mchanga, wafaransa waliokuwa wanatafuta mafuta ndio waliiona. Mimi nilidhani ananitania, nikaja kutafuta picha kwa simu, zimefanana mpaka basi.

jiwe_si_mkate
Ni kweli kabisa huyo mgeni. Na mwambie binti trilobiti hawakuisha hapo, walipungua sana wakaendelea miaka mingine karibu milioni 190. Kitu kimoja atakachopenda: wakiogopa walikuwa wanajikunja duara kama jongoo, na wako waliokufa hivyo hivyo wamejikunja mpaka leo ni jiwe. Macho yao yalikuwa kalisaiti, yaani mdudu anaangalia kwa jiwe lile lile linalotengeneza chokaa.

mvuvi_wa_masese
Basi mamba alinusurika hayo yote, jasiri yule.

jiwe_si_mkate
Hapana ndugu, mamba alikuwa hajazaliwa 😅 ukoo wake unakuja baadaye, enzi ya Devoniani. Samaki wa Ordovisiani hata taya hawakuwa nazo.

turniboi_malaba
Asanteni sana banange. Nimempa binti kipande cheusi na sumaku aende navyo shule, ticha kavizungusha darasa zima kavipenda, kasema wiki ijayo nimletee vingine kumi. Sumaku haijarudi.