Kupaka rangi si kukarabati! Nimeuziwa jeneza linalong'aa, eti boti ya zamani "iliyofufuliwa"

Wakuu, salaam. Naandika huku vumbi la faibaglasi linaniwasha mikono hata baada ya kuoga mara tatu, kwa hiyo mtanivumilia nikipandisha sauti.

Miezi minne iliyopita nilinunua boti ya mbio za bahari kuu, ya mwaka 1974, futi 24, injini ya V8 ya petroli ndani na mguu wake nyuma, kile kipande chenye propela kinachoshuka majini. Tangazo lilisema imekarabatiwa "kutoka tezi hata omo", yaani kutoka nyuma hadi mbele. Aina yake siitaji, maana walioiunda mwaka ule hawana kosa. Mwenye kosa ni fundi aliyeifanyia huo mnaouita ukarabati, na aliyeniuzia huku akijua.

Nikiri na langu. Nilizubaa. Rangi nyeupe kama kioo, mstari mwekundu ubavuni, viti vipya, geji zinameta. Sikubeba hata nyundo. Mtu mzima kabisa, nikaenda kununua boti ya miaka hamsini nikakagua viti!

Safari ya pili nikaanza kuhisi kitu. Kila nikiongeza moto, mguu unasogea kidogo kabla boti haijasukumika, kama mtu anayeegemea mlango ambao haujafungwa vizuri. Nikaipandisha nchi kavu, nikamwomba jamaa asimame juu ya mguu, mimi nikatazama ukuta wa tezi. Ukuta ukapumua. Ulitoka nje, ukarudi ndani, na kwenye pembe za tundu la mguu rangi mpya ilikuwa imeshachanika nyufa nyembamba kama unywele.

Nikachukua nyundo ya plastiki. Pembeni juu inalia ko, ko, ko, sauti kavu. Shuka chini, pwa. Pwa. Nikafungua skrubu moja, maji ya kahawia yakanitiririkia kiganjani, yananuka kama kisima kilichofunikwa. Nikatoboa kwa keekee ya milimita 6: ile plaiwudi ya ndani ilitoka nyeusi, imelowa, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Na juu yake yule bwana alikuwa amepiga puti ya magari, akapiga msasa, akapaka rangi. Mbao iliyooza ameizika hai!

Kwa wasiojua kwa nini hili ni kubwa: ukuta wa tezi kwenye boti hizi ni faibaglasi mbili nyembamba zenye plaiwudi katikati. Nguvu haiko kwenye faibaglasi peke yake, iko kwenye ule umbali kati ya tabaka la nje na la ndani. Plaiwudi ikioza, tabaka zinabaki zinacheza kila moja kivyake mpaka zinachanika. Na hapo ndipo msukumo wote wa injini unapopita. Chanzo mara nyingi ni kitu kidogo cha kuchekesha: mtu alifunga kifaa cha kupimia kina kwa skrubu nne, hakuweka gundi ya kuzibia maji, maji yakaanza kunywewa kidogo kidogo miaka thelathini.

Lakini hilo ningelimeza. Ukuta wa tezi ni kazi inayojulikana: unakata ngozi ya ndani, unaacha ya nje kama kalibu, unachonga kingo zilale taratibu, unaweka plaiwudi ya baharini na epoksi (gundi ngumu), mwezi umekwisha. Kilichonitoa machozi ni tumbo, ile sehemu ya chini inayokaa majini.

Mnajua hizi boti zilitoka wapi? Zamani boti ya kasi ilikuwa na omo kali yenye umbo la V, lakini tumbo likifika nyuma linakuwa bapa. Maji yakitulia inakimbia, mawimbi yakija inakuvunja mgongo. Akatokea Mmarekani Ray Hunt akaivuta ile V mpaka tezi, bila kuilaza, na kubandika vimbavu vya urefu chini vya kuinyanyua. Mwaka 1960 Mmarekani mwenzake Dick Bertram akaingia na Moppie, boti ya mbao yenye umbo hilo, kwenye mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau. Bahari ilichafuka kweli siku ile. Moppie ikafika kwa kama saa nane, na iliyofuata, nayo ya Hunt, ikaja saa mbili baadaye. Mwaka 1961 ikatoka ya faibaglasi, futi 31, yenye V ya digrii kama 24 pale nyuma, na mwaka huohuo Waingereza wakaanza mashindano yao ya Cowes hadi Torquay. Don Aronow, muunda boti, naye, katika mtaa mmoja wa Miami, akaanzisha kampuni za boti za Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, moja baada ya nyingine. Wote hao walikuwa wanagombania umbo la tumbo. Viti hakuna aliyevikumbuka.

Sasa rudi kwa fundi wangu. Ndani kuna mihimili inayolala kwa urefu kutoka nyuma kwenda mbele. Injini imefungwa juu yake, na yenyewe ndiyo inayolizuia tumbo lisibonyee. Miwili ilikuwa imeoza, akaikata. Sawa. Lakini aliikata boti ikiwa imekaa kwenye trela, juu ya roli nne, vile vigurudumu vya kuiteleshea! Mihimili ikitoka, tumbo halina mfupa, na uzito wote umelalia roli. Likabonyea. Kisha akaweka mihimili mipya, akamimina rezini, ile gundi inayogandisha faibaglasi, akaligandisha tumbo katika ubovu uleule. Mtu yeyote aliyewahi kuunda boti anajua kwamba kabla hujakata unaitengenezea boti kitanda kinachofuata umbo lake, kila baada ya nusu mita.

Nilichukua rula ya alumini ya mita mbili, nikaiegemeza chini, sehemu ya mwisho kuelekea tezi. Mwanga unapita. Katikati kuna uwazi wa karibu milimita 7 upande wa kulia, 4 wa kushoto. Mtaniambia milimita 7 ni nini? Kwenye kilomita 80 kwa saa, ule mbonyeo unavuta tezi juu na kuisukuma omo chini. Omo ikizama kwenye wimbi, boti inageuka inakotaka yenyewe. Kumbe ndiyo maana usukani ulikuwa unanipokonya! Nami nikasema labda ni mkondo.

Na bado. Kufungua injini, nikakuta altaneta (kile kifaa cha kuchaji betri) ya gari. Ya gari, wakuu! Ya baharini imezibwa cheche zisitoke nje, ya gari haijazibwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, ukivuja unashuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, unakaa pale kimya unasubiri. Mimi nilipakia watoto kwenye hiyo boti. Hapa ndipo niliposimama kwenye kivuli kama dakika kumi bila kushika chochote.

(Kwa wenye boti za miaka hiyo zenye tangi la faibaglasi: petroli yenye ethanoli inaweza kuliyeyusha kutoka ndani, na ile rezini inakwenda kugandia vali za injini. Langu ni la alumini, limefunikwa povu lililonyonya maji, limeliwa chini. Kagueni.)

Nikampigia fundi. Nikamweleza ukuta, tumbo, altaneta, kimoja kimoja, bila matusi, naapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Lakini bosi, rangi si uliipenda?"

Aliyeniuzia hapokei simu.

Kwa hiyo kabla hamjaandika "imefufuliwa" kwenye tangazo, wekeni picha za ndani sakafu ikiwa imefunguliwa. Kama hamna, andikeni "imepakwa rangi", basi. Boti iliyochoka ikauzwa kama iliyochoka si dhambi, mtu anajua anaingia wapi. Ningeinunua hata hivyo, maana umbo lile nalipenda tangu utotoni, na ingekuwa rahisi kuifanyia kazi kuliko hii niliyonayo.

Sasa hivi imepinduliwa, iko juu ya kitanda nilichokiunda mwenyewe kwa mbao. Nimepata mawazo mawili. La kwanza ni kukata mihimili yake mipya yote, kulisukuma tumbo lirudi kwa jeki taratibu, ndipo nigandishe upya. La pili ni kuacha kama lilivyo na kujazia nje kwa epoksi na kitambaa hadi rula ilale. Naogopa la pili litaongeza uzito nyuma, na la kwanza litapasua ngozi. Aliyewahi kunyoosha tumbo la V ya kina kwa mikono yake aje aseme alifanyaje na jeki aliziweka wapi. Anayekuja kuniambia niipake tena rangi niipitishe kwa mwingine, asijisumbue kuandika.